Msumari Ndani ya Kiatu cha Mama Mkwe

Mimi ni fundi viatu. Nimeshona viatu vya watu wa Bujumbura tangu nilipovuka kutoka upande wa Uvira nikiwa kijana, na katika miaka yote hiyo hakuna kiatu kilichonishangaza kama kile cha mama mkwe wangu. Kilikuwa kiatu cheusi cha kawaida, chenye mkanda na kifungo cha chuma pembeni, kiatu cha mama wa kanisa. Lakini kwanza niseme vile mtu anakisoma kiatu, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilishtuka.

Shule nilifanya miaka miwili. Mwalimu alikuwa mkali, mi nilikuwa mtoro, tukaachana bila mmoja kumlilia mwenzake. Namba nilizijifunza chini ya soli: thelathini na sita, arobaini na mbili. Lakini kiatu ninakisoma vizuri. Mlevi anakula soli upande wa nje. Mwalimu anakula mbele, kwa kujinyoosha ubaoni. Kulikuwa na mchungaji mmoja ambaye viatu vyake vilikatika juu, pale vidole vinapojikunja, nami nikamheshimu, nikasema huyu kweli anapiga magoti. Mwenzake wa kanisa la jirani, viatu vyake havikuwa na mkunjo hata mmoja. Sitasema zaidi, maana watoto wake bado wako mjini.

Sasa mama mkwe. Alikuwa akikaa Gasenyi, kule juu mwisho wa mji. Vita vilipofika kule alishuka na watu wengine, godoro kichwani, akaja kwetu Buyenzi, kwenye vyumba vyetu viwili. Siku ile alikimbia na kiatu kimoja, kingine kikabaki mlangoni. Alipopata hivi vyeusi akaapa hatavua tena. Alipika navyo, alisali navyo, alilala navyo, akavivua tu kwa kunawa au kwa fundi. Binti yake, yaani mke wangu, alimwambia, "Mama, huku kumetulia, acha miguu ipumue." Akajibu, "Hata Gasenyi kulikuwa kumetulia." Ukimpata mtu wa kumjibu hilo, nitumie habari.

Na kuna jambo jingine lazima mlijue. Kwa watu wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawashikani mkono. Wanasalimiana kwa mbali, macho chini. Mkwe hali mbele yake. Hamgusi. Hata kwetu ng'ambo kuna heshima, lakini si ya namna ile. Basi fikirini heshima hiyo ndani ya vyumba viwili vilivyotenganishwa na rido ya kitambaa. Nikitaka kupita, nakohoa, naye anageukia ukuta. Nikiingia, anavuta kitenge mpaka chini, afunike viatu. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka kumi na miwili na sijawahi kuona kidole chake cha mguu hata kimoja. Viatu vyake nilivishona mimi, lakini vilikuja kwangu mikononi mwa mke wangu na kurudi vivyo hivyo, kama barua.

Ilikuwa wakati wa embargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka. Petroli ilipotea, dawa zilipotea, sukari ilikuwa inaonekana kwa nadra kama mgeni wa Ulaya. Tulikunywa chai kavu. Hata misumari midogo ya viatu haikuwepo, nikawa naing'oa kwenye masanduku ya zamani, nainyoosha juu ya jiwe na kuitumia. Uzi pia haukuwepo, nikanunua ule uzi wa nailoni wa wavuvi wa Ruziba, nikashonea huo. Ulikuwa mzuri kuliko uzi wenyewe, ila ncha yake ni ngumu, inachoma.

Wakati huohuo mke wangu akaja kunieleza jambo, akicheka kwa aibu. Kwa sababu ya marufuku ya kutoka nje usiku, kila chumba kilikuwa na ndoo yake.

"Baba watoto, sisimizi wanaifuata ndoo ya mama."

"Ndoo gani?"

"Ile ndoo. Ya kwetu wanaiacha, wanapanda ya mama."

"Umeweka sukari ndani?"

"Sukari iko wapi, mi niiweke kwenye ndoo ya mikojo?"

Tukacheka. Hilo jambo lilinikaa kichwani siku mbili tatu, kwa sababu sisimizi hana mzaha, haendi mahali bure. Na mama mkwe alikuwa akinywa maji mengi mno. Lakini tulisema ni joto la huku chini, maana yeye alizaliwa milimani kwenye baridi. Nikasahau. Mtu anasahau mambo ya maana na anakumbuka namba ya kiatu cha askari aliyekufa zamani.

Basi Jumapili moja mama mkwe akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Mi nilikuwa benchi la nyuma, la wanaume. Alisema, "Wapendwa, miaka minne miguu yangu iliwaka kama nimekanyaga makaa. Nilikuwa naiweka ndani ya besheni ya maji, na moto hauzimiki. Leo ni mwezi wa tatu sisikii kitu. Nikigonga jiwe, sisikii. Bwana ameuzima moto!" Watu wakapiga makofi, ngoma zikalia. Kesho yake wamama wenye magoti mabovu wakaanza kuja nyumbani wakitaka awaombee. Alifurahi sana. Mtu aliyekimbia na kiatu kimoja, leo watu wanampangia mstari mlangoni.

Siku chache baada ya hapo, soli ya kiatu cha kulia ikafunguka mbele, upande wa kidole kidogo. Mke wangu akaniletea. Nikapiga misumari mitatu, ile yangu ya masanduku, nikakirudisha siku ileile. Siku kumi zikapita. Kiatu kikarudi tena. Safari hii mkanda umekatika pale kwenye kifungo. Nikajiuliza: mkanda huu nimeushona mimi, umekatikaje? Mkanda unakatika mguu ukinenepa. Na mama mkwe alikuwa anakonda.

Nikaingiza mkono ndani kama ninavyofanya kwa kila kiatu. Nikachomwa.

Nikatoa kidole, damu. Nikaangalia kwa mwanga. Ulikuwa msumari wangu mwenyewe, mrefu kupita kiasi, umetokeza ndani kwa urefu wa punje ya mchele. Ncha inang'aa kwa kusuguliwa. Kuuzunguka, ngozi ya ndani imekuwa nyeusi na yenye unyevu, na harufu haikuwa ya jasho. Jasho nalijua, ni mwenzangu wa kazi.

Aibu ilinishika, lakini sitadanganya, udadisi ulikuwa mkubwa kuliko aibu. Siku kumi! Nilichukua kiatu nikaingiza nusu ya mguu wangu mwenyewe, nikakanyaga kidogo tu. Niliruka kwenye kigoda. Yeye amekanyagaje siku kumi? Nikapata jibu ambalo niliona ni la akili sana: ananivumilia. Mama mkwe hawezi kumwambia mkwe kwamba kazi yake ni mbaya. Anatobolewa kwa heshima.

Nikamwita mke wangu.

"Mama amelalamika kiatu?"

"Apana. Anasema umekitengeneza muzuri."

"Hachechemei?"

"Jana ametembea mpaka sokoni na kurudi. Kuna nini?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole, akakiondoa haraka. "Yesu! Na anatembea juu ya hii?"

"Ananiheshimu mi."

"Heshima gani ya kutobolewa mguu? We humujui mama. Chumvi ikizidi kwenye mboga anasema mpaka jirani asikie."

Akaingia ndani. Mi nikabaki nje kwenye kigoda, masikio yamesimama. Nikamsikia akiomba aone mguu, mama anakataa, wanabishana kwa Kirundi, kisha mama mkwe anauliza kwa mshangao wa kweli kabisa, "Umusumari uwuhe?" Msumari upi? Mke wangu akatoka ameziba mdomo kwa kitenge. Akanieleza: mguu umevimba na una joto, chini ya kidole kidogo kuna tundu, na kidole chenyewe kimekuwa cheusi.

"Anaumwa?"

"Haumwi hata kidogo. Anasema namupotezea muda, kuna watu wanamungoja awaombee."

Tulimwomba twende hospitali. Alikataa, na sababu zake hazikuwa za mjinga. "Mutu anaenda hospitali kwa kitu kinachouma," alisema nyuma ya rido. "Hiki hakiumi." Na nyingine: "Kule wanakata. Mama wa jirani wa Gasenyi alienda na kidole, akarudi bila goti." Na ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa ukuta: "Nimesimama mbele ya kanisa lote nikasema Bwana ameponya. Niende sasa nimwambie dokta kwamba Bwana amesahau upande mumoja?"

Siku mbili zikapita kwa maji ya chumvi na majani. Siku ya tatu asubuhi harufu ilivuka rido, ikakaa upande wetu. Mke wangu alilia akikoroga uji. Nami nikajua kwamba mguu ule ukipotea, atakuwa ameupoteza kwa msumari wangu, na nitaishi ndani ya nyumba moja na kisiki chake.

Nilikuwa nashona kiatu cha mtu, nimekibana kati ya miguu yangu kama kawaida, na ncha ya ule uzi wa Ruziba ikanichoma kidogo kwenye unyayo. Nikajikuna. Halafu nikasimamisha sindano. Kitu chepesi hivi, nimekisikia. Je, yeye angekisikia? Kama hasikii, hasikii mpaka wapi? Kila kitu kina mshono mahali kinapoishia. Nilitaka kujua mshono wake uko wapi. Nakiri, saa ile sikuwa nawaza kumponya, nilikuwa nataka kujua tu.

Nikakata uzi mfupi, nikampa mke wangu, nikamfundisha. Mi nikakaa upande wangu wa rido.

"Mama," alisema mke wangu, "mukwe wako anaomba jambo."

"Aseme."

"Ufunge macho. Nikikugusa na huu uzi, useme 'hapo.'"

"Huo ni muchezo wa watoto."

"Ni wa watoto, mama. Ucheze."

Nikasikia kitanda kinalia, akijiweka sawa. Halafu sauti yake: "Hapo." Hilo lilikuwa goti. "Hapo." Chini ya goti. "Hapo." Halafu, baada ya muda, kwa mashaka, "Hapo?" Halafu hakuna.

Nikafungua rido upana wa jicho. Najua ni vibaya. Niliona mama mkwe amefunika uso kwa kitenge, amekaa vizuri kama mtoto anayengoja zawadi, na binti yake amepiga magoti, anaugusa mguu kwa ncha ya uzi: kisigino, katikati, kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Machozi yanamshuka.

"Mbona mumenyamaza?" alisema mama mkwe. "Anzeni basi kwenye vidole."

"Nimeshamaliza, mama."

"Umemaliza nini?"

"Vidole vyote. Mara mbili."

Akaondoa kitenge usoni, akaona uzi umesimama juu ya kidole gumba, umepinda kwa kusukumwa. Akauangalia. Akachukua uzi mwenyewe, akajichoma hapa na pale. Alijichoma muda mrefu. Kisha akasema polepole, si kwa binti yake, ni kwangu mimi, moja kwa moja kupitia rido, jambo ambalo hakuwahi kulifanya:

"Mukwe. Moto haukuzimwa. Ni mi ndiye siusikii."

"Ndiyo, mama," nikajibu.

"Basi leteni kitu nivae, tuondoke kabla wale wa magoti hawajafika."

Kiatu hakikuingia tena. Tuliufunga mguu kwa vitambaa, tukauvalisha mfuko wa plastiki. Mabasi hayakuwepo, petroli yenyewe nimeshasema. Tukapata mwenye baiskeli ya kubeba watu, mama mkwe akakaa nyuma kiupande, binti yake amemshika, mi nyuma nasukuma baiskeli, si mtu. Njia ya kwenda juu kuelekea hospitali ya Kamenge ina mlima mdogo ambao ukiwa mzima huuoni. Kwenye kizuizi askari kijana akanyoosha kidole.

"Mfukoni kuna nini?"

"Mguu wa mama mkwe wangu, shefu."

"Unanichezea?"

"Bado ni wa kwake, shefu. Umeshikamana naye. Angalia."

Akanusa, akarudi nyuma hatua mbili, akatupungia tupite. Mama mkwe akasema, "Hata bunduki inakimbia." Tulicheka, sote watatu na mwenye baiskeli, na hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa sana.

Hospitalini tulipokelewa na muuguzi, mama mnene wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha. Hakuangalia mguu kwanza. Aliomba mkojo, akachovya kijikaratasi, kikageuka rangi. "Sukari," akasema. "Ugonjwa wa sukari." Mwenye baiskeli, ambaye alikuwa bado anasubiri mlangoni, akapiga kelele: "Kumbe! Mji muzima unaitafuta, na yeye ndiye ameificha!" Na mimi nikawaza wale sisimizi. Walijua kabla ya sisi wote.

Muuguzi akaandika dawa, mke wangu akatumwa kuzitafuta kwenye mafamasi, maana hapo hazikuwepo. Basi nikabaki mimi. Muuguzi akaleta besheni, akafungua vitambaa, akasema, "Baba, inua mguu, ushike hapa kisigino, nisafishe chini."

"Mi ni mukwe wake," nikamwambia.

"Na mi ni Mukatoliki. Shika."

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa amegeukia ukuta. Nikashika. Ulikuwa wa moto kama mkate. Ulikuwa mpana, mpana kuliko nilivyodhani, mguu wa thelathini na tisa, na tangu alipokimbia alikuwa ameuingiza ndani ya thelathini na saba kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. Mi fundi, nilishona vile viatu mara ishirini, sikujua.

Muuguzi alikata nyama iliyokufa kwa mkasi na mama mkwe hakutikisika. Nikashindwa kunyamaza, nikauliza: inawezekanaje sukari, kitu cha chai, ikaua mguu? Akanieleza huku anafanya kazi. Kwamba ikizidi ndani ya damu miaka mingi, inakula vile vinyuzi vinavyopeleka habari kutoka mguuni kwenda kichwani. Vikianza kuharibika vinapiga kelele, ndiyo ule moto. Vikifa vinanyamaza. Na mishipa ya damu inakuwa myembamba, kwa hiyo kidonda hakipati chakula, kinakaa tu, na wadudu wanakula. Nikauliza kwa nini ianzie miguuni na si mikononi. Kwa sababu miguu ndiyo mbali zaidi, akasema. Nikauliza kama vinyuzi vinaweza kushonwa. Akaniangalia.

"We ni mukwe ama ni mwanafunzi?"

"Ni fundi viatu. Ule msumari ulikuwa wangu."

Hiyo ilitoka mdomoni bila kuiandaa. Mama mkwe akasema bila kugeuka kutoka ukutani, "Musumari ulikuwa wako. Lakini kuuangalia mguu ilikuwa kazi yangu, na mi niliufunga ndani ya kiatu kama mufungwa. Shika vizuri, utauangusha."

Daktari akaja. Kidole kidogo, akasema, hakina mjadala, kitaondoka leo. Mguu uliobaki, tungoje. Akachukua kalamu ya bik, akachora mstari juu ya ngozi, kuuzunguka mguu pale wekundu ulipofikia. "Ukivuka mstari huu, tutakata chini ya goti. Usipovuka, anabaki nao."

Wiki ile tuliishi kwa ule mstari. Tulilala kwenye mkeka pembeni ya kitanda, na kila asubuhi muuguzi akifunua, shingo zetu nne zinainama pamoja, kama watu wanaosoma gazeti moja. Siku ya pili wekundu uligusa mstari. Siku ya tatu ukavuka kidogo upande wa juu, kama maji yanayopanda ukutani, na mke wangu akatoka nje. Daktari akasema tuongeze siku moja. Dawa ya sukari ilipatikana kwa mtu aliyekuwa na ndugu Bukavu, ikaja ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi. Wamama wa kanisa nao walikuja. Mama mkwe aliwapokea ameketi, akawaambia, "Kila mutu avue viatu hapa." Akampa binti yake uzi. Wakaguswa wote, mmoja baada ya mwingine, wakisema "hapo, hapo" na kucheka kwa kutekenywa. Mmoja hakucheka. Muuguzi akamchukua mkojo palepale.

Siku ya nne wekundu ulirudi kwenye mstari. Siku ya saba ulikuwa umeshuka chini yake upana wa vidole viwili. Daktari aliminya pembeni ya kidonda, damu nyekundu, safi, ikatoka. "Unaishi," akasema. Mama mkwe aliangalia damu yake ikitiririka akafurahi kama mtu aliyeona mvua. Mguu ulibaki.

Daktari akatuambia asitembee tena peku, asiweke miguu kwenye maji ya moto, auangalie kila siku juu na chini, na apate kiatu kipana, laini, kisicho na msumari hata mmoja. Aliponiangalia niliangalia chini.

Nikatafuta katoni, nikaiweka sakafuni pembeni ya kitanda. Nikampa mke wangu penseli, achore mguu wa mama yake. Mama mkwe akasema, "Yeye anajua nini? Mwachie fundi."

Nikapiga magoti. Akaweka mguu juu ya katoni mwenyewe. Nikaanza kuchora, kuanzia kidole gumba, polepole, nikipita pale pasipo na kidole. Yeye alikuwa ameangalia dirishani.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Nageukia kisigino, mama."

"Haya. Endelea."